Rangi ya Mama Tshibola

Ukitoka ku soko ya Manika, hapa Kolwezi, pinda pale bantu banauzishaka makala, utaona traverse, ile mbao nzito ya reli, imelala juu ya mawe mbili kubwa. Ile njo kiti yetu. Nani aliitosha, aliing'oa ku reli, usiniulize mi. Mi kazi yangu ni kutengeneza makinga, ni kusema baiskeli, pneu na chaîne yake, sitengenezi kesi. Jina yangu Mukalay, lakini pale bote bananiita Frein, ni kusema breki, juu nikichoka na bongo, na uongo ya bantu, ninasimamisha kila kitu. Pembeni yangu anaikalaka Mulumba, tunamwita Kamion: anaendesha kamion, lori kubwa, mu shimo ya shaba ya Musonoi, na hata hapa anasema na nguvu sawa moteur iko inalia. Halafu Alfani, tunamwita Mètre: anauzisha bitambaa, bazazi yake balitoka ngambo ya Maniema, na hakuna kitu mu dunia yenye hawezi kupima. Katikati yetu kuko mbabula, jiko ya kuchemsha kawa, makala inawaka, na nyuma ya mbabula kuko Ndaya. Mbele alikuwa mama yake, Mama Tshibola. Mama Tshibola alikufa mu mvula yenye ilipita, na kawa yake tunaendelea kuikunywa mu mikono ya binti.

Ilikuwa siku ya posho, kesho yake siku ya Mungu. Badibanga alifika na kitu kubwa mu kwapa, imefunikwa na shuka. Huyu Badibanga, ao Artiste, ni fundi ya tablo. Anachora bantu juu ya gunia ya bunga, na rangi yenye bantu banapakaa ku nyumba, juu ile miaka ya Zaïre étagère za maduka zilikuwa zimeanza kubakia tupu, na rangi ya ba artiste ilikuwa hadithi tu.

— Ndaya, akasema, uyu hapa. Angalia bila kunihurumia.

Akavuta shuka. Sisi bote tukainama. Kitambaa ya kichwa ni ya Mama Tshibola, mudomo ni yake, hata ile kovu kidogo juu ya nyushi. Ndaya akaangalia, akasogea, akaangalia tena. Akatikisa kichwa.

— Si yeye, yaya Badibanga. Macho ni yake. Lakini ngozi ni ya mutu mwingine amevaa sura ya mama.

— Mara ya tatu hii! Kamion akapiga paja yake. Mutoto, unatafuta nini?

— Ninatafuta mama yangu, tata.

Kamion akaweka kopo yake chini. Si kitu yenye inatokeaka kila siku.

— Foto yake iko moja tu, Ndaya akaendelea, ile ya carte d'identité, ya kitambulisho, nyeupe na nyeusi. Kesho bandugu yake banakuja kumaliza kilio, banataka kumuona ku ukuta. Lakini si juu ya bo. Mbele, nikifunga macho, nilikuwa ninamuona mama. Sasa nikifunga macho ninaona foto. Ile foto inamukula, tata. Tablo isipotoka, nitabakia na ile kipande ya karatasi, basi.

Roho iliniuma. Nikachukua kinga moja yenye haikuwa na ugonjwa wowote, nikaanza kuzungusha gurudumu.

Badibanga hakulia, hakuomba samahani. Alifungua kikapo yake, akapanga makopo chini, moja moja.

— Mi siachi, akasema. Wiki nzima niko ninatembea na macho wazi. Hii ni bulongo ya kisugulu, kule muchwa banajenga. Hii ni matope ya Lualaba. Hii majivu. Hii maganda ya muti, nilisaga mwenyewe. Hii ya kijani nilitosha ku mawe ya shaba ya Mutoshi. Nimeangalia mbuzi, nimeangalia mikate, nimeangalia tofali kabla ya kuchomwa. Rangi yake iko mahali fulani mu huu mji. Mutu haondoki na rangi yake yote.

— Lakini juu ya nini unajisumbua? nikamuuliza. Weka mukono ya Ndaya pembeni, fuata. Damu ni moja.

— Njo nilifanya mara ya kwanza, Tata Frein.

Ndaya akanyoosha mukono, mweusi, unang'aa.

— Mi nilitoka ku baba. Mama alikuwa anacheka: "Weye nilikubeba mi, lakini baba yako njo alikupakaa."

— Musikilize mi, Kamion akasema, na kule ku makala bantu bakageuka. Mi ninashukaka mu shimo kila siku. Juu, bulongo iko nyekundu. Ukishuka inakuwa njano. Ukishuka tena, kabla ya jiwe ya mali, kunatokea kahawia moja hivi, ya maji maji, ya baridi. Mama Tshibola njo ile!

— Ile iko nzito sana, Alfani akasema. Wallahi, ile mama alikuwa tabac, rangi ya tumbaku. Nilimuletea kitambaa ya rangi tabac, akajifunga ku kichwa, akaangalia mu kioo, akanirudishia. Alisema haoni tena paji yake inaishia wapi.

— Tabac gani? Badibanga akauliza.

— Tabac ya mbele. Ile kitambaa ya mu masanduku. Haikuji tena.

— Haya! Kamion akacheka. Anamupa Artiste rangi yenye haiko mu dunia!

— Na weye unamupa bulongo yenye patron ya shimo atakufunga ukiitosha!

Na mi nikaingia, juu ninajua macho yangu ni mazuri kupita ya bo.

— Mafuta ya chaîne, nikasema. Chaîne yenye imetembea vizuri, jua ikiipiga.

— Tata Frein, Ndaya akasema, mama alikuwa anaoga.

Bakanicheka mupaka Kamion akamwanga kawa yake ku mugulu. Ndaya akamujazia kopo tena. Na Kamion, kwa haya ya ile kawa na mugulu yenye iko inaungua, akatosha wazo ingine, kubwa zaidi.

— Munacheka, lakini hakuna mutu anasema ukweli. Sisi bote hapa Kolwezi tunakunywa maji yenye inapita ku shaba. Shaba inaingia mu damu. Ndani, tuko kijani! Artiste apakae kijani kwanza, chini. Halafu rangi ya mutu juu. Ile kijani itaisukuma, itakuwa na uzima.

— Mama Tshibola alitoka Kasai, nikamukumbusha.

— Na maji alikuwa anakunywa ya wapi? Damu haina carte d'identité!

Mungekuwa pale mungeona Badibanga. Mutu mwenye anatafuta hachagui mulango. Alichota unga ya kijani ya Mutoshi, akachanganya na bulongo ya kisugulu, akapakaa ku kipande ya mbao, akasukuma mbao ku jua. Tukaangalia.

— Anafanana mugonjwa wa ini, Alfani akasema.

— Bado haijakauka! Kamion akalia.

— Ikikauka atakuwa amekufa, Alfani akajibu. Citoyens, ndugu zangu, mi nitabaambia. Kitambaa iko na rangi mbili: ya mu duka na ya ku jua. Na mutu vilevile. Asubuhi Mama Tshibola alikuwa hivi, moto ikiwaka alikuwa vile. Basi tablo itundikwe mu kona ya giza. Mu giza hakuna mutu atabisha.

— Ao itembee, Kamion akasema. Frein atie magurudumu, asubuhi munaisukuma inje, mangaribi munairudisha!

— Magurudumu ya bure sina, nikasema. Lakini sikia, Badibanga. Muchore mugongo. Ameinama ku mbabula, anapuliza makala. Mugongo hauna rangi, uko na nguo.

— Mugongo? Ndaya akauliza polepole. Bandugu batoke Kasai kwa train, baje kusalimia mugongo?

Nikarudi ku gurudumu yangu.

Badibanga alikuwa ametosha kisu. Akaanza kukwangua mashavu ya tablo. Ndaya akageuza uso.

— Usiogope, akamuambia. Ninatosha rangi yangu mi, simutoshi yeye. Leo hii, mbele jua halijaanguka, utamuona.

Alisema vile, lakini mi niliona kisu yake inarudilia kukwangua mahali moja tu.

Pale njo Amisa alifika. Amisa ni ndugu ya bibi ya Alfani. Alikuwa ameshuka ku train juzi, anatoka Kindu, na alikuwa amekuja kumwita shemeji yake akule. Lakini harufu ya kawa ilimushika. Ndaya akamukorogea kopo na maziba. Akakunywa yote, akaomba ingine. Ndaya akamwanga maziba ya unga mu ile kawa nyeusi kidogo yenye ilibakia mu sufuria, akakoroga, akaacha, akamupa. Amisa akakunywa nusu, akaangalia mu kopo. Halafu akaangalia mu kopo ya Kamion. Akamaliza yake, akafuta mudomo.

— Mwana, akamuambia Ndaya, nikuulize. Kwetu kule, kawa na maziba, leo inatoka nyeupe, kesho nyeusi, kila mutu na bahati yake. Hapa kopo yangu ya kwanza na ya pili ni kitu moja. Na ya huyu baba ni ile ile. Unajuaka namna gani wakati ya kuacha kutia maziba?

Ndaya akainua mabega.

— Ninajua tu, mama.

— Bababa, nyinyi munajua?

Kamion akaniangalia. Mi nikamuangalia Mètre. Mètre, mwenye anapimaka hata kivuli, akaangalia biatu yake.

— Munakunywaka hapa toka lini?

— Toka zamani, nikasema.

Ndaya alikuwa amesimama na kijiko ya maziba mu mukono. Aliangalia ile kijiko. Halafu akaangalia mukono yenye inaishika, mupaka ku kiwiko, sawa ile mukono ilikuwa ya mutu mwingine.

— Mama yangu, akasema. Alikuwa analaza mukono yake hivi, pembeni ya sufuria. Nilikuwa mudogo. Alikuwa ananiambia: "Ndaya, maziba polepole. Kawa ikifanana na mi, acha." Mi ninaangalia mukono, ninaangalia kawa, ninaangalia mukono. Halafu nikazoea. Nikaacha kuangalia mukono, nikaangalia kawa tu... Yaya Badibanga! Ni yeye! Kila asubuhi niko naye, na mi ninalia kama ninamupoteza!

Badibanga akaruka.

— Kawa iko wapi?

Ndaya akainamisha sufuria. Tupu. Kopo ya Amisa, tupu. Ya Alfani, tupu. Ya kwangu ilikuwa na machicha chini. Tukageuka. Kamion alikuwa ameinua kopo yake, mudomo tayari umefunguka.

— Kamion!

Nilimurukia. Nikamushika mukono na mikono yangu yote mbili, na ile siku jina yangu ilifanya kazi.

— Nina kiu, Frein.

— Kunywa maji ya shaba! Lete hapa!

Tuliweka kopo juu ya traverse, tukaizunguka sawa mutoto mwenye amezaliwa sasa hivi. Badibanga akachanganya bulongo ya kisugulu na rangi nyeupe ya nyumba. Akatia tone ku kipande ya mbao, akaisogeza ku kopo.

— Nyekundu imezidi, Alfani akasema, na safari hii hakuwa anacheza. Ile ni macho ya mutu mwenye amechagua bitambaa maisha yake yote.

Badibanga akatia majivu. Akasogeza. Bado. Akatia maganda ya muti. Bado.

— Inaomba kitu ya baridi chini, akasema, kama vile kwa nafsi yake.

Kamion akaikala chini, akavua botte yake, akaipiga ku jiwe. Bulongo ikaanguka, kahawia, ile ya ndani ya shimo, ingali na maji maji.

— Hii patron hajui kama niko nayo, akasema.

Badibanga akachota kidogo na ncha ya kisu. Akakoroga. Akaweka tone. Akasogeza mbao mupaka ikagusa kopo, na mi macho yangu ikatafuta pale mbao inaishia na kawa inaanza, na sikupaona.

Badibanga akashika brosi. Alipakaa shavu ya kwanza, ya pili, paji, pua, shingo. Jua ilikuwa imefika juu ya mabati ya soko. Amisa alisahau kama alitumwa kumwita mutu akule. Badibanga akarudi nyuma hatua kidogo, brosi bado mu mukono.

Ndaya akakuja. Hakuinama kuangalia kwa karibu, safari hii. Alisimama sawa mutu amefika ku mulango wa nyumba.

— Moyo, mamu, akasema.

Njo vile bantu ya Kasai banasalimiana, na njo vile alikuwa anamusalimia kila asubuhi mbele ya kuwasha makala. Halafu akalia, na Badibanga akalia, na Kamion akalia na sauti ya kamion. Na mi vilevile nililia, na mwenye anataka kunicheka anicheke.

Kesho yake bandugu balifika, kilio ikamalizika. Bazee baliingia mu salon ya nyumba, bakaona tablo ku ukuta, bakasimama. Dada ya Mama Tshibola akavua biatu.

Wiki ikaanza tena. Asubuhi tulirudi ku traverse yetu, mi, Kamion na Mètre. Ndaya akawasha makala, akachemsha, akamimina. Kamion akapokea kopo yake, akaangalia ndani, akaangalia tena.

— Ndaya, kawa ya leo iko nyeusi. Maziba imekwisha?

— Maziba iko mingi, tata.

Akalaza mukono yake pembeni ya sufuria, mweusi, unang'aa, ili sisi bote tuone.

— Mama eko ku nyumba sasa, akasema. Hii ni yangu.

Kamion akakunywa. Akafikiri. Akakunywa tena mupaka chini, akamunyooshea kopo.

— Ongeza.