Kuku wa Kizimba cha Saba

Mbele ya duka la fotokopi, mkabala na geti la kituo cha utafiti wa mifugo, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali. Hapo watu huyatatua ya dunia na kuyaacha ya kwao yakiwasubiri. Shangazi, muuza kahawa, ndiye mwenye neno la mwisho, maana ndiye mwenye birika. Kopi, mwenye duka, amesoma ukurasa wa kwanza wa kila tasnifu iliyotolewa nakala pale, kwa hiyo anajua mwanzo wa kila jambo na hajui mwisho wa hata moja. Fundi Saa hurekebisha saa za watu. Yake mwenyewe imesimama. Na yupo Dakta Bado, mtafiti wa pale kituoni, aliyepata jina hilo kwa sababu huu ni mwaka wa nane anaulizwa kama amemaliza shahada yake ya uzamivu, na jibu ni lile lile.

Asubuhi ile alifika na uso wa mtu aliyekalia miwani yake.

— Kuna nini? Umefiwa? aliuliza Shangazi, akimmiminia kahawa.

— Afadhali ningefiwa, ningeletewa pole. Nimeumbuka.

Miezi mitatu nyuma makala yake ilikuwa imetoka kwenye jarida: unga wa majani fulani wapunguza minyoo kwa kuku. Ilikuwa makala ya wazi, yeyote duniani angeisoma bure. Tena, kwa vile alitaka aonekane mwanasayansi mkweli, Dakta Bado aliweka mtandaoni hesabu zake zote, pamoja na picha za kila ukurasa wa daftari lake la bandani. Kopi alikuwa amebandika ukurasa wa kwanza dukani, na kila mteja aliambiwa, "Huyu ni wetu."

— Kuna mwanafunzi, nchi ya mbali huko, simjui hanijui, alieleza Dakta Bado. Amekaa, akafungua picha za daftari, akalinganisha na jedwali nililochapisha. Mstari kwa mstari! Ameniandikia kwa adabu zote: "Mtafiti mheshimiwa, naomba kuuliza, hii ni moja au ni saba?"

— Ni nini sasa? aliuliza Fundi Saa.

— Ni saba. Mwandiko wangu, ndugu zangu. Moja yangu na saba yangu ni mapacha. Vizimba vilikuwa kumi na viwili. Cha kwanza hadi cha sita walikula majani. Cha saba hadi cha kumi na mbili, pumba tupu. Wakati wa kuingiza kwenye kompyuta, kuku wa kizimba cha saba nikawaingiza cha kwanza, na wa cha kwanza nikawapeleka cha saba. Na wa cha saba ndio waliokuwa na afya kuliko wote!

— Si kuku wawili watatu tu hao? alisema Kopi.

— Jana nimehesabu upya. Waliokula majani, minyoo ilipungua nusu. Wasiokula, nusu. Majani yangu hayana kazi, labda uyapike mboga.

Shangazi aliweka birika chini, kwa heshima ya marehemu makala.

— Wewe ndiye mwenye makosa, alianza Fundi Saa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe mtungi, ukaenda kuita kata za dunia nzima zije zichote!

— Lakini ndiyo sayansi wazi hiyo, Dakta Bado alijitetea. Unaweka kila kitu mezani, watu wakague.

— Wakague, sawa. Wewe ulitegemea wakague?

Dakta Bado alikuna kichwa.

— Kusema kweli, hapana. Nilitegemea waone kwamba nimeruhusu wakague, wanisifu, waende zao.

Shangazi alicheka hadi birika likatikisika.

— Na wale wanaopitia makala kabla haijatoka? aliuliza Kopi. Si ulisema ni maprofesa wawili, hata majina yao ni siri?

— Walipitia miezi kumi na moja. Mmoja alitaka nibadilishe kichwa cha habari. Mwingine alitaka nitaje makala zake nne. Daftari hakuna aliyelifungua.

— Basi nimeshaelewa! Kopi alijipiga paja. Huyo si mwanafunzi. Huyo katumwa na wenye dawa za minyoo. Majani yakifanya kazi, wao watamuuzia nani?

— Ila majani hayafanyi kazi, Kopi.

— Hivyo ndivyo wanavyotaka uamini!

— Mimi naona makubwa zaidi, Fundi Saa alishusha sauti, akatazama huku na huku. Hao kuku wenyewe. Kuku wa maskini hatagi, wahenga walisema. Wako wametaga kosa! Walihama vizimba usiku, halafu wewe unajilaumu mwandiko.

— Walihama, wakafungua komeo kwa mdomo, wakafunga tena?

— Kuku usimdharau.

Dakta Bado alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Baada ya wiki tatu alitakiwa kusimama mbele ya jopo aitetee tasnifu yake, na bila makala ile hakuna kusimama. Profesa anayemsimamia alikuwa ameinua macho mara moja tu na kumwambia, "Acha ipite. Nani husoma daftari?" Na yeye, jana, alikaa nusu saa nzima kidole kikielea juu ya kitufe cha kufuta zile picha.

— Zifute, alisema Kopi kwa upole, kana kwamba amemsoma moyoni. Mwandikie kijana, mwambie ni moja. Mwandiko ni wako. Nani atakupinga?

— Hapo umenena, alisema Fundi Saa. Mficha uchi hazai.

— Hiyo inamaanisha asifiche, Shangazi alimkata.

— Kila mtu na wahenga wake.

Wakati huo kulikuwa na mama mmoja amesimama mlangoni mwa duka, bahasha mkononi, akimsubiri Kopi akumbuke kwamba ana biashara. Alisogea.

— Samahanini, wanangu. Nilikuja kutoa nakala ya cheti, lakini nimesikia habari za kuku, nami nafuga. Wale wasiopewa kitu, wa pumba tupu. Umesema na wao minyoo ilipungua nusu?

— Ndiyo, mama, alijibu Dakta Bado. Sawasawa na wenzao.

— Sasa wao walipona na nini?

Fundi Saa alisema "Wahenga..." akakwama hapo. Dakta Bado alipitisha akilini jedwali lake la safu arobaini, uzito, umri, rangi ya manyoya, joto la banda, na hakuona hata safu moja iliyouliza swali hilo. Miaka minane alikuwa amewatazama waliokula majani. Wale wengine aliwahesabu tu.

— Sijui, mama, alisema. Alishangaa jinsi neno lilivyotoka bila kumuuma.

— Haya. Ukijua uniambie, nina kuku sitini. Mama aliingia dukani, na Kopi akamfuata mbiombio.

Dakta Bado alitoa simu. Aliandika: "Ndugu, umeona sawa, ni saba. Leo hii namwandikia mhariri makala iondolewe. Picha zitabaki pale pale. Kama una muda, zitazame tena, safari hii wale wa pumba."

— Na mtihani wako? aliuliza Shangazi.

— Utasogea.

— Mkeo je?

— Huyo ndiye jopo lenyewe, Shangazi. Niombee.

Alituma. Kisha akaacha kahawa nusu kikombe, akaomba kalamu kwa Fundi Saa na kumfuata yule mama ndani.

— Mama, samahani. Hilo banda lako, kwa wiki unalifagia mara ngapi?