Kaka Yangu Alipoifuta "Lakini"

Ndugu zangu, asifiwe Bwana anayesikia hata tunaponyamaza!

Wengi mnanijua kwa kuimba, Mama Kabula wa sauti ya pili. Leo siimbi. Mimi ni mweusi hasa, siyo maji ya kunde, na kwetu Ngulyati jambo hilo lina bei. Nilipoolewa, ng'ombe wa mahari walikuwa wachache. Mdogo wangu mweupe alipoolewa zizi lilijaa, na wazee wakasema wazi kwamba ni rangi. Nikazoea. Nilidhani nimezoea!

Binti yangu Kabula alipohitimu chuo, kaka yangu mkubwa, Masanja, aliweka picha yake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Chini akaandika: "Hongera mpwa wangu, ila kwa rangi hii ya mama yako tujiandae kupokea mbuzi." Ndugu wakacheka, vikatuni vya kucheka vikajaa kwenye simu.

Niliandika kwamba maneno hayo yanaumiza. Jamani, nilichokipata! Nikaambiwa ni utani tu, ndiyo mila, wokovu umenifanya mkali. Shemeji mmoja akaniuliza kama nimeshaanza mambo ya wanawake wa Dar. Hakuna aliyeniuliza inaumiza wapi.

Nilijitoa kwenye kundi. Kabula alibaki, akasoma yote. Haukupita muda nikaona anajifunika mtandio hata ndani ya nyumba. Nilipoufunua, mashavu yalikuwa yamebabuka. Mkorogo! Mwanangu alikuwa anajichubua ili kwao wamwone wa maana. Nililia mbele za Mungu, nikamwambia: huyu nampoteza.

Kwa ruhusa ya Kabula nilimtumia kaka picha ya yale mashavu, yeye peke yake. Nikamwona anaandika, anaacha, anaandika tena. Ukaja ujumbe: "Pole sana dada, lakini mimi nilikuwa…" Akaufuta. Ukaja mwingine, nao una lakini. Akaufuta. Ndipo akaandika: "Dada, nikijibu nitajitetea. Sema yote, nasikiliza."

Mungu ni mwema! Nilimrekodia sauti moja baada ya nyingine, ya utotoni, ya siku ya mahari yangu, ya mwanangu akijikagua kwenye kioo. Tiki zikawa za bluu moja moja, hakunikatiza. Mwishowe akatuma yake, analia: "Nilikuwa nacheka wewe ukiumia. Sikujua, na sikutaka kujua. Nisamehe." Ndugu zangu, uchungu wa miaka ulinitoka kifuani pale pale!

Akaomba radhi na kwenye kundi. Wapo walionuna, na mpaka leo hawanisalimii. Uso wa Kabula unapona polepole.

Juzi washenga walikuja kumposa Kabula. Baada ya salamu, mzee mmoja akauliza, kama desturi: "Binti yenu ana rangi gani?" Nilikuwa jikoni, nikashika mlango. Nikamsikia kaka: "Anaitwa Kabula. Yupo, muulizeni mwenyewe habari zake." Wakamwita. Mwanangu akakaa sebuleni kati ya wazee wale, akaanza kusema, na hakuna aliyemkatiza. Utukufu kwa Bwana!

Ndugu yangu, kama kuna mtu amekuandikia kwamba ulimuumiza, mwamini Mungu leo. Usijieleze. Mpigie, umwache aseme mpaka amalize. Amina.