Shusheni Kwanza, Ndipo Msikilize

Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956, Bwana Nikodemu Chilumba alistaafu baada ya kulitumikia Ghala la Mtoni, Temeke, kwa miaka ishirini na minane. Alikuja kutoka Ndanda mwaka 1928, akaanza kwa kubeba magunia ya mbata. Miaka michache baadaye wenzake walimfanya manju, yaani mwimbishaji wa genge: yeye huanzisha, wao huitikia, mzigo huondoka chini.

Wageni wa ghala hudhani wimbo ni wimbo tu. Bwana Nikodemu hakukubali hata siku moja. Wimbo wa kuinua ni mfupi, na kiitikio chake huangukia pale migongo inaponyooka. Wimbo wa kutembea hufuata nyayo, wala hauharakishwi ubao wa lori ukiwa umelowa. Wimbo wa kisa, ule unaosimulia habari za mtu tangu mwanzo hadi mwisho, ni wa mapumziko, bakuli la uji likiwa mkononi.

Kanuni hiyo ya mwisho aliipata kwa hasara. Mwaka 1934, genge likipakia marobota ya katani, aliona nyimbo za kuinua zimezoeleka mno. Akaanzisha kisa cha mwenzao Albano, aliyetembea kutoka Masasi hadi kwa wakwe zake huku amembeba jogoo wa posa kwapani. Jogoo alipomponyoka mtoni, genge zima lilisimama, marobota mabegani, likingoja kusikia. Nyapara Jamali, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahimiza, naye alisimama.

“Jogoo kapatikana au hakupatikana?” alifoka. “Sema basi, shingo za watu zinavunjika!”

“Subiri, Nyapara, bado hajavuka,” alijibu Nikodemu.

Robota la mbele likateleza likatumbukia mtaroni. Hakuumia mtu. Tangu siku hiyo, mtu akiomba kisa kazini alipewa jibu moja: “Shusheni kwanza, ndipo msikilize.”

Nyumbani ujuzi huo haukumsaidia sana. Mkewe, Mama Yustina, anasema mumewe aliwabembeleza watoto wao wote, na hakuna aliyelala. Bembezi ikifika kinywani mwake hugeuka wimbo wa kuinua, na mtoto huamka akipiga makofi. “Nilimwambia, baba Yustina, huyu si robota,” anasema.

Kinachokumbukwa zaidi ni desturi aliyoiasisi. Kila mchukuzi alipoacha kazi, manju alimtungia kisa chake na kukiimba langoni siku ya mwisho. Albano aliondoka na cha kwake, jogoo akiwamo. Nyapara Jamali naye alipewa chake, na alilia, ingawa mpaka leo anasema lilikuwa vumbi la katani. Anayeimbiwa hukaa juu ya robota. Haimbi, husikiliza tu maisha yake.

Basi mwaka huu lilizuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: nani atamwimbia manju? Mrithi wake, Theonest, ni hodari kwa nyimbo za kuinua, lakini alikiri mapema kwamba kisa hakiwezi. Bwana Nikodemu hakulalamika. Wiki ya mwisho alimwambia Bi Mwajabu, anayeuza uji langoni petu tangu enzi za jogoo, “Wenzangu wote nimewasindikiza. Mie nitajiendea kimyakimya.” Tuliomjua tulisikia kwamba jambo hilo lilimuuma.

Jumamosi ilipofika, Theonest alijaribu hata hivyo. Alitoa beti mbili, akapoteza mfuatano wa kisa, akaacha. Bwana Nikodemu akasimama kutoka kwenye robota lake, kofia mkononi, tayari kuaga.

“Kaa chini, Niko,” Bi Mwajabu alisema kutoka nyuma ya sufuria zake. “Unakimbilia wapi? Uji hujamaliza.”

Akaanza kuimba, upawa ungali mkononi. Alimwimba kijana wa Ndanda aliyefika Mtoni na shuka moja. Aliliimba robota la mtaroni na nyapara aliyesahau unyapara wake. Aliwaimba watoto wasiolala. Hakuna aliyejua kwamba kwa miaka yote ile, akiwa ametugeuzia mgongo, mwanamke huyu alikuwa akijifunza namna kisa kinavyojengwa.

Wakati huo kundi la mwisho lilikuwa likitoka ghalani na marobota. Wote wakasimama palepale, mizigo mabegani, wasikie atakavyomalizia.

“Shusheni kwanza!” Bwana Nikodemu alipaza sauti. “Ndipo msikilize.”

Wakashusha. Bi Mwajabu akarudia ubeti wake, na kilipofika kiitikio tulisikia sauti moja ikitangulia zote. Kwa desturi anayeimbiwa hanyanyui sauti, lakini hakuna aliyemkanya. Manju wa Mtoni, aliyeanzisha nyimbo zetu zote, siku hiyo aliitikia.

Bwana Nikodemu na mkewe watabaki nyumbani kwao hapa hapa Temeke. Genge lote linamshukuru kwa migongo iliyonyooka pamoja na kwa visa alivyotuachia. Mzee wetu, mzigo umekwisha kuushusha. Kaa sasa, usikilize. Tunakuombea siku njema, afya, na wajukuu wenye usingizi.