Dada Tadea na Ugonjwa Alioutafuta Ungali Mdogo

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wafiwa wenzangu, ndugu mliotelemka kutoka Mbinga na majirani zetu wa hapa Kihagara, mimi ni Othmar Kinunda, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Tadea Kinunda alizaliwa Mkumbi tarehe 14 Februari 1955, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji kwa masista, na kuanzia mwaka 1974 alishona nguo mjini Mbinga, ambako wateja wake walimjua kwa kucheka kwa sauti na kuchelewesha suruali. Mwaka 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu Joakim Ndunguru, akahamia naye huku ziwani, akaendelea kushona, kulima muhogo na kuanika usipa, dagaa wa ziwa letu, na Mungu akawajalia watoto wanne, Edina, Meshack, Hedwiga na Dunstan, ambao wote wako hapa.

Mwaka 2008 lilimtokea doa jeusi kwenye unyayo wa mguu wa kushoto, sisi tukasema ni mwiba ulioozea ndani, lakini lilipozidi kutanuka alikwenda hospitali, ikaonekana ni saratani ya ngozi iliyokuwa bado changa, na Machi 2009 wakaikata yote. Nilikuwa naye siku daktari alipomwambia, "Mama, hii tumeiwahi. Ila mtu aliyewahi kupata saratani ya ngozi yuko kwenye hatari zaidi ya kupata nyingine baadaye, ya ngozi au hata ya sehemu nyingine ya mwili. Si lazima ikupate. Usiishi kwa hofu, lakini usiache kujiangalia wala kuja kupimwa."

Nyumbani neno lile halikupokelewa vizuri. Kila mwaka alipojiandaa kupanda gari la Mbinga, na mguu hauumi, watu walimshangaa, na shemeji mwenyewe alimwambia mbele yetu, "Mama Edina, umeshapona, ukitafuta ugonjwa utaupata." Dada akafunga kanga yake, akajibu, "Ndiyo nautafuta, baba. Nataka niupate ungali mdogo."

Akaupata. Mwaka 2015 alipokuwa akioga aligusa kivimbe kidogo kwenye titi, kisichouma hata kidogo, na hakungoja kimuume, wiki ileile alikuwa hospitali. Ilikuwa saratani nyingine kabisa, si ile ya mguu iliyorudi, na kwa kuwa ilikutwa mapema alifanyiwa upasuaji na matibabu yaliyomnyonyoa nywele na kumlaza miezi, shemeji akimpikia uji na kumsindikiza kila safari bila kusema tena habari ya kutafuta ugonjwa. Alipona. Baada ya hapo hakuna mwanamke wa jumuiya yake aliyekaa naye bila kuulizwa, "Umejiangalia?", na Mama Gaudiosa, aliyeketi pale mbele, amenipa ruhusa niseme kwamba doa lake la kisigino lilionwa na dada, likatolewa mwaka 2019.

Tarehe 3 mwezi huu dada alipatwa na kiharusi, akafariki siku ya pili yake akiwa na umri wa miaka sabini. Nimesikia hapa msibani ikisemwa kwamba saratani imemmaliza. Hapana, ndugu zangu, vipimo vyake vya mwisho vilikuwa safi, na asitokee mtu wa kutumia kifo hiki kumkatisha tamaa mgonjwa wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jumuiya, kwaya, na ninyi majirani mliochimba kaburi kwenye mvua hii. Shemeji Joakim ameshindwa kusimama, lakini ameniomba niwaambie kwamba tangu operesheni ile ya kwanza aliishi na mkewe miaka kumi na sita, akawaona wajukuu wote wakibatizwa, na kwamba wiki ijayo yeye mwenyewe anakwenda kupimwa.

Dada Tadea, Bwana akupe pumziko na amani yake.