Hajakula Tangu Jumapili

Joash, dereva wa tuktuk ya Navakholo, hujisifu kwamba mambo ya abiria hayamhusu. Leo masikio yalimsaliti. Nyuma yake mama mmoja, aliyempakata bintiye Tracy, alikuwa akimsimulia nyanya waliyekutana naye stejini jinsi mtoto alivyokunywa maji makali ya kutengenezea sabuni kwenye chupa ya soda, njia ya chakula ikaota kovu na kuziba karibu yote.

"Wameipanua mara saba," alisema. "Leo daktari akaniuliza kama anakula. Nikamwambia hajakula tangu Jumapili."

"Woi, pole."

"Akashtuka, akaanza kutayarisha vifaa ampanue tena. Ndipo huyu akasema, 'Lakini nilikula chapati.' Nikaeleza kwamba chapati na wali anakulanga vizuri, ni obusuma tu, ugali wetu, hatujapika, unga uliisha. Daktari alicheka mpaka akaketi. Akasema chapati ikipita, njia iko wazi. Turudi baada ya miezi mitatu."

"Lakini ulisema ukweli," nyanya alisema. "Wali si chakula."

"Huo ukweli ungemrudisha kwenye ule mpira wa kupanulia koo, mama."

"Bado hakuwa amekula."

Joash alitaka kuwaamulia, akakumbuka mandazi manne aliyoyashushia chai asubuhi, na jinsi alivyomwambia mkewe kwa simu kwamba hajatia kitu mdomoni. Akapiga honi tu.

Alisimama sokoni. Nyanya akashuka, akamwinamia Tracy. "Umekula leo, mjukuu wangu?"

"Bado," Tracy akajibu, mdomo umejaa mkate.