Bhoke Simioni, Mwandishi wa Miongozo ya Wachimbaji (1984–2023)

Bhoke Simioni alizaliwa tarehe 14 Aprili 1984 katika kata ya Nyambureti, Wilaya ya Serengeti, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Simioni na Mama Mokami, wakulima na wafugaji.

Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari Mugumu, na mwaka 2008 alihitimu shahada ya kompyuta Dar es Salaam. Akiwa darasa la tano, baba yake alimwagiza aandike kwa Kikurya maelekezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Aliandika: kifuniko kimoja, ndoo moja. Bibi yake akamuuliza, "Kifuniko cha chupa au cha dumu?" Bhoke akafuta yote, akaanza upya. Tangu hapo hakuamini andiko lolote kabla hajasikia swali la atakayelitumia.

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na Mwalimu Nelson Gati, wakajenga Morotonga. Mwalimu anakumbuka kuwa kila mwongozo ulisomwa kwanza mezani kwao, na msomaji aliyedai kuelewa haraka mno alirudishwa ukurasa wa kwanza.

Mwaka 2016, dhahabu ilipokuwa ikivuta watu Tarime kutoka kila upande, aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza mfumo wa simu wa tahadhari ya ulipuaji. Kabla ya baruti kuwashwa, msimamizi wa kila duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, alipokea ujumbe na kubonyeza moja, maana yake "nimepata habari". Bhoke alipanga mwongozo wa kila toleo jipya programu ikiwa bado kwenye michoro: wiki mbili za kuandika, wiki tatu za kukaa na wachimbaji wakiusoma kwa sauti, ndipo toleo litoke.

Toleo la tatu lilipangwa kutoka Machi 2023. Ndani yake, moja ilibadilishwa maana ikawa "watu wangu wote wametoka", na hapohapo mlipuaji anaruhusiwa. Januari, Bhoke alilazwa Mwanza kwa ugonjwa wa figo, mwongozo ukiwa nusu. Aliomba toleo lisubiri. Meneja wake alimpigia simu wodini: "Ugua pole, dada. Mwongozo utafuata."

Alimjibu, "Vidole vyao vimeshazoea. Vitatangulia."

Toleo lilitoka. Tarehe 6 Machi, msimamizi mmoja, Swaleh, alipata ujumbe, akabonyeza moja kama alivyofanya kwa miaka saba, kisha akageuka kuwaita watu wake. Duara la jirani likalipuliwa. Wachimbaji wake wawili, Nashoni na Saadi, hawakutoka. Taarifa ya kampuni ilieleza vifo hivyo kwa maneno matatu: kosa la mtumiaji. Bhoke aliandika barua nne kuyapinga. Hakujibiwa hata moja.

Aprili alirudishwa nyumbani. Swaleh alikuja, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Dada Bhoke, mimi ndiye niliyebonyeza."

"Ulibonyeza nilichokufundisha," marehemu alimwambia. "Ingia. Kuna mahali nataka uniulize maswali."

Kuanzia siku hiyo Swaleh alifika kila Jumamosi, akauliza, naye Bhoke akausahihisha mwongozo, kwanza kwa mkono wake, baadaye kwa mkono wa mumewe. Sentensi ya mwisho ilikamilika tarehe 5 Agosti. Bhoke alifariki tarehe 9, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Kampuni imetuma shada la maua. Mwongozo haijautoa hadi leo. Kwa hiyo familia imeuchapa yenyewe, kwenye kurasa mbili za mwisho za ratiba ya mazishi mliyoshika, na nakala nyingine mia tatu ziko mlangoni. Tunaomba asiondoke mtu mikono mitupu.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, Wegesa na Waisiko, wazazi wote wawili, na dada yake Scholastica, aliyeandika wasifu huu.

Mungu ampe Bhoke pumziko jema. Nawe utakayesimamia duara kesho, hesabu watu wako kwanza, ndipo ubonyeze.