Polikarp na Adhabu ya Ufagio

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Msamala, ubavuni mwa nyumba ya Mama Walburga. Pana benchi moja refu la mninga, birika la kahawa ya Mbinga, na sahani ya kashata ambayo Ibra huketi karibu nayo kuliko inavyostahili. Watu wake ni walewale. Kajetani tunamwita Wakili, ingawa mahakamani alifika mara moja tu, tena kwa kosa la kuendesha baiskeli isiyo na taa. Saimon ni Redio, maana habari zote huanza kwake, na nyingine huanza na kuishia kwake. Ibra wa Tunduru anauza korosho, nasi tunamwita Tajiri ili aone haya alipe kahawa, lakini haoni. Halafu yupo mzee Polikarp. Huyo Jumamosi haketi, anafagia. Ufagio wake ukifika benchini sote tunainua miguu bila kukatisha maneno, unapita, tunaishusha.

Jumamosi moja ya baridi, ile ya Juni inayomfanya mtu akumbatie kikombe, Polikarp alimaliza kufagia akatuambia kwamba binti yake Getruda anakuja kumchukua. Macho yanamsumbua, na kuishi peke yake hakufai tena, kwa hiyo anakwenda kukaa naye kijijini Mpitimbi. Tukampongeza. Yeye akaegemeza ufagio ukutani, akatikisa kichwa.

— Tatizo siwezi kuondoka, alisema. Bado natumikia adhabu.

Mgeni angedhani mzee amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa hata kidogo, na hapa inabidi nirudi nyuma.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kubadilika yote kwa mpigo. Mitumba ilijaa sokoni, vyama vikawa vingi, na watu wakaanza kupunguzwa kazini. Polikarp alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kwenye ghala la tumbaku. Ndipo shule moja ya bweni ya wasichana ikaanzisha mpango wa sheria na huduma kwa jamii. Kidato cha tano walisoma sheria darasani, na Jumamosi wakateremka mitaani kwetu na sketi zao za kijani, huyu kabeba jembe, yule ndoo, mwingine kitabu kizito kama tofali. Walizibua mifereji, waliwachotea maji bibi wasiojiweza, halafu wakaketi na watu kuwaeleza haki zao.

Mama Walburga alikuwa amefiwa na mume juzijuzi, na shemeji zake walishaanza kugawana vyumba kwa macho. Wasichana wale walimweleza asitoke, kisha wakamsindikiza baraza la kata na kukaa pembeni yake mpaka mwisho. Nyumba ikabaki yake, ndiyo maana na sisi tuna ukuta wa kuegemea. Nikiikumbuka miaka ile roho inaniuma kwa utamu wake. Hatukuwa na kitu, lakini ilikuwa inapendeza kuona watoto wa watu wanahangaika kwa ajili yako na hawakuombi kura.

Mwisho wa muhula walikuja kuendesha mahakama ya mazoezi hapahapa kijiweni. Hakimu alikuwa binti mwembamba, mrefu, jina lake Hilda, na joho lake lilishonwa kwa pazia la bwalo. Walihitaji mshtakiwa. Sote tulikataa kwa kuogopa mkosi, isipokuwa Polikarp, ambaye tangu ghala limtoe alikuwa hana pa kwenda. Akashtakiwa, akatetewa vizuri kabisa, akashindwa. Hilda akatamka kwamba mshtakiwa atafagia kijiwe hiki kila Jumamosi mpaka mahakama itakapokaa tena. Tulicheka hadi kahawa ikatumwagikia.

Shule ikafungwa. Ilipofunguliwa, wafadhili walikuwa wameondoka, mwalimu wao amehamishwa, na mpango umekufa. Mahakama haikukaa tena. Polikarp naye alikuwa ameshaanza kufagia Jumamosi ileile iliyofuata hukumu, na hajaacha mpaka leo.

Basi Wakili akakohoa kidogo, kama anavyofanya kila anapotaka kutupotosha, akasema jambo lenyewe dogo, mzee akate rufaa.

— Rufaa ya kosa gani? nikamuuliza.

— La mbuzi. Si aliiba mbuzi?

— Mbuzi wapi, akasema Redio. Kosa lilikuwa kupika gongo.

— Wallahi mnamsingizia mzee wa watu, akasema Ibra. Alichoma shamba la jirani. Mimi nilikuwepo.

— Wewe ulikuwepo kwenye kashata, akasema Wakili.

Tukamgeukia mwenyewe. Polikarp alisema hata yeye hakumbuki. Kosa lilikuwa la kuigiza, kwa hiyo hakulitia moyoni. Alichokitia moyoni ni adhabu.

Redio akaja na njia yake. Alikuwa amesikia kwamba sikukuu za taifa wafungwa wazee husamehewa, kwa hiyo tuandike Ikulu. Wakili akamkatalia. Ikulu wataomba jalada, na jalada halipo, hapo mzee atakamatwa kwa kutumikia adhabu bila kibali. Tena na sisi tutaunganishwa kwenye kesi, kwa sababu miaka yote hii tumekuwa tukiinua miguu, na kuinua miguu ni kusaidia. Ibra, aliyekuwa bado ameinua miguu tangu ufagio upite, akaishusha polepole.

Ibra ndiye aliyesema kwamba tumtafute Hilda, kwani aliyefunga ndiye afungue. Wakili ana habari kwamba binti huyo ni hakimu Mbeya. Redio alisikia amekuwa sista. Ibra mwenyewe anamfahamu mtu aliyemwona Kariakoo akiuza mitumba, sauti ileile ya kutoa hukumu, hapunguzi bei. Tulipoishiwa habari, Mama Walburga akasema akiwa ameinamia jiko lake:

— Mimi kila gari likisimama hapa, akashuka mwanamke mrefu, namtazama usoni. Nasema labda ni yeye.

Redio, ambaye ukimya humpa homa, akasema ameshapata ufumbuzi. Siku hizi kila kitu kinabinafsishwa, mabasi, maduka, maghala. Na adhabu ibinafsishwe. Mzee aiachie, mwingine aichukue na kuiendeleza. Tulimcheka. Polikarp hakucheka, nadhani kwa sababu ya lile neno maghala.

Hapo ndipo Getruda alipofika, mama wa makamo, kanga kiunoni, kikapu mkononi.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

Hakukaa. Gari la Mpitimbi lilikuwa linakaribia kujaa, na vitu vya baba yake vilikuwa vimeshapakiwa. Alipomwona mzee anasitasita, akauliza kuna nini. Tukamweleza kwa zamu, kila mtu na kosa lake. Alisikiliza yote bila kucheka, na hilo lilitutia aibu kidogo.

Wakili akaona muda hautoshi. Akaomba kanga ya Mama Walburga, akaitupia mabegani, akaketi katikati ya benchi. Tulitaka kumtania, lakini Polikarp alikuwa ameshavua kofia na kusimama wima mbele yake.

— Mahakama imekaa, alisema Wakili, na safari hii hakukohoa. Mshtakiwa Polikarp, adhabu yako umeitumikia. Mahakama imeridhika. Uko huru.

— Rudia, mheshimiwa.

— Uko huru, mzee wangu.

Polikarp alishukuru kwa kuinama. Kisha akauchukua ufagio wake pale ukutani, akawa ameushika tu kama mtu ambaye hajui pa kuuweka. 

— Ghala liliponitoa, alisema, sikuwa na sababu ya kuamka. Yule binti alinipa Jumamosi. Sikutaka imalizike, lakini sikutaka pia kuondoka kama mtoro.

Akauegemeza ufagio mwisho wa benchi, upande wetu, akatuaga kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Getruda alimshika kiwiko. Walipopiga hatua mbili tatu, binti akageuka, akautazama uwanja ule uliofagiliwa hadi mistari ya ufagio inaonekana, na akatuuliza kwa heshima kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu:

— Na Jumamosi ijayo atafagia nani?

Wakili akaanza kuikunja kanga ya watu kwa makini sana. Ibra alisema kifua chake na vumbi haviivi. Redio alisema kuna habari anaiwahi sokoni. Mimi niliomba kahawa. Mama Walburga alilitikisa birika karibu na sikio langu, akasema imekwisha.

Jumamosi iliyofuata tulikuja kama kawaida. Majani makavu yalikuwa yametapakaa hadi chini ya benchi, na maganda ya karanga, na majivu ya jiko. Ufagio ulikuwa palepale alipouacha. Tulizungumzia bei ya mahindi, na Wakili alikuwa anatueleza sheria fulani ambayo nina hakika haipo, saa ya Polikarp ilipofika. Sote tuliinua miguu.

Tukakaa hivyo, miguu juu, tunautazama ufagio, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuishusha.